Utafiti kwa njia ya ubunifu chuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasanii, waandishi, wanamuziki, wabunifu wa mavazi, wasanifu majengo na mafundi wanaotaka kusoma uzamili au uzamivu huku kazi yao ya mikono, ya sauti au ya jukwaani ikiwa ndiyo utafiti wenyewe. Unawafaa pia wahandisi, wanahistoria na watu wa afya wanaofikiria kufanya kazi pamoja nao. Umeandikwa kwa kuangalia vyuo vya Afrika Mashariki. Kanuni hazifanani, hivyo kwenye ada, tarehe na idadi ya kurasa, kitabu cha kanuni cha chuo chako kina neno la mwisho.

Utafiti kwa njia ya ubunifu ni nini?

Ni utafiti ambao swali lake haliwezi kujibiwa mpaka kitu kiundwe. Mtafiti anachonga, anatunga, anashona, anaigiza au anajenga, na katika kuunda huko anapata jambo ambalo hakuwa nalo, wala wenzake wa fani hawakuwa nalo. Mwishoni anakabidhi vitu viwili vinavyosomwa pamoja: kazi yenyewe, na andiko linaloonesha swali lilikuwa nini, kazi ililijibu vipi, na jibu hilo linamfaa nani mwingine.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo husahaulika. Kila msanii hujifunza kitu anapofanya kazi. Huo ni uzoefu, na ni mali yake mwenyewe. Unageuka utafiti pale mtu mwingine ambaye hakuwepo anapoweza kuuchukua, kuupima na kuendelea nao.

Utakutana mapema na jina la Christopher Frayling wa Royal College of Art, London. Mwaka 1993 aligawa mambo haya mafungu matatu: utafiti kuhusu sanaa, utafiti kupitia sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa. Anayeandika historia ya taarab yumo katika fungu la kwanza. Anayepiga taarab ili ajue kitu ambacho vitabu vya historia havikukisema yumo katika la pili, na la pili ndilo tunalolizungumzia hapa. Fungu la tatu limezaa mabishano yasiyokwisha. Liache mpaka umalize mwaka wa kwanza.

Je, hili si jambo la Wazungu tulilolipokea juzi?

Jina limekuja baadaye. Kazi ilikuwepo.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Majimaji. Mwaka uliofuata, 1969, ukachapishwa mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein juu ya Kinjeketile, kiongozi wa vita hivyo. Katika dibaji yake mwandishi anamtenga waziwazi Kinjeketile wa historia na Kinjeketile aliyemuumba yeye. Dibaji hiyo ni fupi, lakini inafanya kile tunachomdai mwanafunzi wa leo afanye kwa kurasa mia: inamwambia msomaji wapi ushahidi umeishia na wapi ubunifu umeanzia, na kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonesho wa chuo hichohicho, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwemo, walikwenda vijijini, Malya na Msoga kati ya hivyo, na kile kilichokuja kuitwa sanaa za maonesho kwa maendeleo. Wanakijiji walichunguza tatizo lao wenyewe, wakalitungia igizo na ngoma, wakaliigiza hadharani, kisha watazamaji wakakaa kulijadili. Igizo lenyewe lilikuwa chombo cha kukusanya taarifa na cha kuzichambua. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 Australia na Finland zilikuwa zinaanza kutoa shahada za uzamivu zenye kazi ya sanaa ndani yake. Kwa hiyo anayekwambia umeleta mambo ya kigeni, mpeleke maktaba.

Nitajuaje kama swali langu linahitaji ubunifu?

Lijaribu kwa ukali. Kama linajibika kwa kusoma, kasome. Kama linajibika kwa kuwahoji watu ishirini, wahoji. Maombi mengi huanguka hapa: mwombaji ana kazi nzuri anayotaka kuifanya, kisha anaitafutia swali la kuivalisha. Swali la namna hiyo hujulikana upesi, maana ukiiondoa kazi, swali linabaki limesimama vilevile.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Upande mmoja wa sahani za wakati ule ulichukua kama dakika tatu. Sasa fikiria taarab ya ukumbini: wimbo hauna haraka, vyombo vinatangulia, beti zinakuja, kipokeo kinarudiwa kwa sababu watu wameinuka kutunza, na mwimbaji anavuta neno akiwaangalia usoni. Hayo yote yanaingiaje katika dakika tatu, mbele ya maikrofoni, bila hadhira?

Mwanahistoria atakupa orodha ya sahani na tarehe. Hatakwambia pumzi ya mwimbaji inafanya nini anapojua muda unamwishia. Hilo analijua anayeimba. Basi mtafiti ambaye ni mwimbaji anakaa na kundi lenye udi, fidla, ganuni na dumbaki, wanaimba wimbo mmoja kwa urefu wake wa ukumbini, kisha wanauimba tena saa ikiwa mezani. Wanaangalia nini kinaachwa kwanza. Ni vyombo vya mwanzo? Ni beti ya tatu? Ni marudio ya kipokeo? Je, mwimbaji anabana irabu au anaruka pambo? Fundi sauti kutoka kitivo cha uhandisi anapima kasi ya mapigo katika kila zamu, na mwanaisimu anaangalia mizani za ushairi zinazopona na zinazovunjika. Baada ya hapo wote watatu wanarudi kuzisikiliza sahani za zamani, na masikio yao si yaleyale.

Angalia pia mipaka ya jibu lenyewe. Jaribio hili halithibitishi kilichotokea Bombay mwaka 1928, na ole wako ukiandika kwamba limethibitisha. Linaonesha njia ambazo zingewezekana, na linatufundisha tusikilize nini kwenye rekodi. Mtahini mzuri atakubana hapo hapo, na mwanafunzi aliyejiandaa atakuwa ameshajibana mwenyewe.

“Taaluma mtambuka” maana yake nini katika kazi hizi?

Kwamba watu wa taaluma mbili au zaidi wanabeba swali moja, na kila mmoja anaweza kuondoka akiwa amejifunza kitu cha fani yake. Kama mhandisi ameitwa kufunga taa za onyesho tu, hapo umeajiri fundi wa taa. Hakuna ubaya, ila usiliandike kwenye propozo kama ushirikiano wa taaluma.

Mfano unaopendeza uko Lamu. Mwaka 2018 lilizinduliwa jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita tisa hivi, lililoundwa kwa plastiki iliyorejelezwa, takriban tani kumi, na kufunikwa kwa vipande vya kandambili zilizookotwa fukweni. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, muunda majahazi wa hukohuko. Mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake) vilichongwa na kuunganishwa kwa ufundi uleule wa jahazi la mbao. Mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kwa mtu wa vifaa, swali ni plastiki inastahimili nini inapopindwa, ikapigwa na jua na maji ya chumvi. Kwa fundi, ni kama mkono uliozoea mbao unaweza kuamini kitu kisicho na nyuzi za mti. Kwa mtu wa mazingira, ni kama chombo kinaweza kuwafanya watu wa bandarini wazungumze juu ya taka kwa namna ambayo bango haliwezi. Hakuna kati ya hao ambaye angejibu swali lake bila wenzake.

Upande wa pili wa bahari, Oman iliunda Jewel of Muscat kwa kufuata mabaki ya meli ya karne ya 9 yaliyogunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, na mwaka 2010 meli hiyo ikafika Singapore. Kwa watu wa pwani yetu, ambao mitepe yao, vyombo vya zamani vya matanga, ilishonwa vilevile hadi ikatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, huo ni ushahidi wa karibu sana.

Propozo iwe na nini?

Kila kilichomo kwenye propozo ya kawaida, pamoja na mambo matatu ambayo waombaji huyaacha.

La kwanza ni mapitio ya kazi. Mwanafunzi wa fasihi hupitia machapisho. Wewe utapitia machapisho na pia kazi za wasanii waliogusa swali lako: nani amewahi kuchonga, kupiga au kujenga kitu cha jinsi hii, alifika wapi, alikwama wapi. La pili ni maelezo ya namna utakavyoweka kumbukumbu. La tatu ni bajeti ya vifaa iliyo ya kweli. Mbao za mninga si bei ya mwaka juzi, na studio ya kurekodi hailipwi kwa shukrani.

Usiahidi umbo la mwisho la kazi. Andika utaanzia wapi, utajaribu nini, na utatumia kigezo gani kuamua kuendelea au kugeuka. Kamati ikikuuliza kwa nini hujui kazi itakavyokuwa, jibu ni kwamba ungeijua usingekuwa na haja ya utafiti.

Wasimamizi wangapi, na watoke wapi?

Wawili kwa uchache: mmoja wa fani yako ya ubunifu, mwingine wa taaluma ya pili. Wakutanishe mezani mwanzoni kabisa, kwa sababu neno “data” kwa mwanafizikia na kwa mwigizaji si kitu kimoja, na mwanafunzi ndiye huumia wasimamizi wakigundua hilo mwaka wa tatu.

Kuna suala gumu zaidi. Mara nyingi mtu anayejua zaidi ni fundi au bibi ambaye hana cheti chochote, na kanuni za vyuo hazimruhusu kuwa msimamizi. Mwingize kwa njia nyingine: awe mshauri wa ufundi kwa barua rasmi, alipwe kwa siku zake, na jina lake liwe kwenye kazi na kwenye andiko, si kwenye ukurasa wa shukrani peke yake. Idara inayoshindwa kulipa fundi huku ikilipa posho za vikao inapaswa kujitazama.

Daftari la kazi ni la nini? Si kumbukumbu ninazo kichwani?

Kichwa hupamba. Baada ya miezi sita utakumbuka kwamba ulijua tangu mwanzo, na haikuwa hivyo. Mwanafalsafa wa Marekani Donald Schön alieleza mwaka 1983 jinsi mtaalamu anavyofikiri ndani ya tendo lenyewe, anarekebisha huku mkono unaendelea. Fikra za namna hiyo hupotea haraka kuliko nyingine zote, na ndizo utafiti wako umekuja kuzitafuta.

Andika siku hiyohiyo, kwa ufupi, ukitaja kilichobadilika na sababu. Tuseme unajifunza kushona mbao za mtepe. Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi: “Kamba ya makumbi imelowekwa usiku kucha. Mshono wa ubao wa tatu ulikuwa mkavu na umekaza jioni. Asubuhi umelegea, kidole kinapita. Fundi amesema navuta kwa mikono badala ya kuvuta kwa mgongo. Nimerudia mashimo manne nikiwa nimekaa chini, mguu kwenye ubao. Yamekaza. Kesho: kamba isiyolowekwa, mkao uleule.” Mistari michache tu, lakini mtu wa Mombasa au wa Muscat anaweza kuichukua na kuijaribu. Linganisha na ukurasa unaosema “leo nimejifunza umuhimu wa subira.” Huo hauna anayeweza kuutumia.

Kwa jukwaa na muziki, kamera moja iliyotulia pembeni inatosha kuliko picha tano za simu zilizokatwakatwa. Yape mafaili majina yanayoanza na tarehe. Weka nakala mbili, na moja isiwe ndani ya nyumba ileile.

Andiko linakuwa na urefu gani?

Hupungua kuliko tasnifu ya kawaida. Vyuo vingi vya Uingereza hupokea maneno 30,000 hadi 40,000 pamoja na kazi, mahali ambapo tasnifu ya maandishi matupu ingefika 80,000. Ukurasa kupungua hakumaanishi kazi kupungua.

Zoezi tunalolipenda: eleza utafiti wako wote kwa maneno 300. Katika tathmini ya utafiti ya vyuo vya Uingereza ya mwaka 2021, waliowasilisha kazi za ubunifu waliruhusiwa kuambatisha maelezo ya urefu huohuo kuonesha utafiti uko wapi ndani ya kazi. Ukishindwa kuyaandika, tatizo halipo kwenye uandishi.

Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Kazi yenyewe, ndiyo, wakati wowote. Andiko linategemea idara: za Kiswahili hupokea tasnifu kwa Kiswahili, nyingi za sanaa na usanifu bado hutumia Kiingereza. Kama unataka Kiswahili nje ya idara hizo, omba kwa maandishi wakati wa kudahiliwa, kwa kuwa ugumu mkubwa huwa ni kupata mtahini wa nje.

Mimi ni mhandisi (au nesi, au mwalimu wa hesabu). Sina shahada ya sanaa. Nitapokelewa?

Inawezekana, ukiwa na kazi ya kuonesha. Mkoba wa kazi huzungumza kuliko cheti. Kama huna kazi yoyote ya ubunifu uliyokwisha kuifanya, shirikiana na aliye nayo badala ya kuanza kujifunza kuchora kwa ada ya uzamivu.

Maadili ya utafiti yananihusu vipi? Mimi sichomi mtu sindano.

Yanakuhusu zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kazi yako itaoneshwa hadharani, ikiwa na sura na sauti za watu.

Ridhaa ya mara moja haitoshi. Mama aliyekubali kurekodiwa jikoni kwake hajakubali kuonekana ukutani kwenye ukumbi wa maonesho. Muoneshe kazi kabla haijatoka, na mpe nafasi halisi ya kusema hapana hata kama hapana hiyo inakuvunjia onyesho. Kumbuka pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi: Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Sauti na uso ni taarifa binafsi.

Kisha kuna vitu visivyopaswa kuoneshwa kabisa. Mafunzo ya unyago, yale ya jando la wasichana, yana wenyewe na yana mahali pake. Kwa miaka mingi Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, aliimba nyimbo zenye asili hiyo jukwaani, lakini alikuwa somo, yaani mwalimu wa unyago, mtu wa ndani, anayejua mpaka. Ruhusa yake haikurithiwa na kila mwenye kamera.

Mchongaji akituletea wazo la kunakili vigango vya Wamijikenda, tunampa kwanza historia ya vigango hivyo. Hizi ni nguzo za ukumbusho wa waliofariki. Zimeibwa nyingi, zikauzwa kwa wakusanyaji na makumbusho ya nje, na mwaka 2019 makumbusho moja ya Denver, Marekani, ilirudisha Kenya vigango 30. Familia zilizopoteza nguzo zipo hai. Swali la mchongaji laweza kuwa halali, mathalani juu ya mbao na mikato ya alama, lakini mazungumzo ya kwanza ni na wazee, patasi inakuja baadaye sana. Wakikataa, utafiti unabadilika. Kukataliwa kwenyewe kunaandikwa kama sehemu ya matokeo, bila kutaja wasichotaka kitajwe.

Vibali gani vinahitajika?

Kila nchi ina tume au baraza lake la sayansi. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI. Tanzania Bara, mtafiti wa nje hupitia COSTECH, na wanafunzi wa vyuo vya ndani kwa kawaida hupata barua kupitia chuo chao. Zanzibar ina utaratibu wake. Uganda ni UNCST. Kazi inayogusa wagonjwa au hospitali inahitaji kibali cha maadili ya afya juu ya hayo. Kupiga filamu kuna leseni zake tofauti, na droni ni habari nyingine. Anza mapema.

Kazi ni mali ya nani?

Soma sera ya mali ya ubunifu ya chuo kabla ya kusaini chochote. Katika kazi ya pamoja, andikeni makubaliano siku ya kwanza: nani mtunzi, nani mpigaji, nani mbunifu, kazi ikiuzwa mgawo ukoje, na nani anaweza kuionesha bila wengine. Makubaliano hayo huandikika kwa urahisi wakati bado hakuna fedha.

Tungo za asili zina ulinzi wake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inagusa sanaa za jadi, na Kenya ina sheria mahususi ya mwaka 2016 juu ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. “Ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe” si hoja ya kisheria, na mbele ya ukoo wenye wimbo huo si hoja kabisa.

Naruhusiwa kutumia programu za akili bandia kutengeneza picha au muziki?

Kama chuo kinaruhusu, na ukieleza wazi ulitumia nini, wapi na kwa swali gani. Ukiitumia kuficha kwamba hukufanya majaribio, daftari lako litakusema.

Mtihani unafanyikaje?

Watahini wanatakiwa kuikuta kazi ikiwa hai: onyesho linapochezwa, nyumba inapoingilika, chombo kikiwa majini. Kisha wanasoma andiko, kisha utetezi. Mpango huu huleta tabu zake. Onyesho la usiku mmoja halingoji ratiba ya mtahini anayetoka Kampala, kwa hiyo tarehe ya onyesho na tarehe ya safari yake zipangwe kwa pamoja, miezi kabla. Asipofika, inabaki video, na video ya igizo ni kitu kingine kabisa.

Huwa tunaulizwa kama watahini wanatoa alama kwa uzuri. Kwa maneno ya kanuni, wanapima mchango wa maarifa. Kwa ukweli wa chumbani, kazi iliyofanywa ovyo inalidhoofisha jibu. Ukisema umegundua jambo juu ya mwendo wa mwigizaji huku mwigizaji wako hajui kusimama, nani akuamini? Kiwango cha ufundi ni sehemu ya ushahidi, na tunapenda kulisema hilo wazi badala ya kuliacha liwashtue watu siku ya utetezi.

Na kazi ikifeli? Jahazi likivuja, onyesho likikosa watu?

Jahazi linalovuja linaweza kupata shahada kama unajua linavuja wapi na kwa nini, na daftari linaonesha ulivyofikia kujua. Onyesho lililokosa watu kwa sababu hukulitangaza ni uzembe tu.

Je, wafadhili na kamati za kupandisha vyeo wanatambua kazi hizi?

Kwa shida, na ni vizuri kujua shida inatoka wapi. Mwongozo wa Frascati wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, ambao nchi nyingi hutumia kuhesabu nini ni utafiti, katika toleo la mwaka 2015 unaweka utendaji wa kisanaa kwa kawaida nje ya hesabu, ingawa unaacha mlango kwa taasisi za sanaa zinazotoa uzamivu. Mwaka 2020 jumuiya za vyuo vya sanaa za Ulaya zilitoa Azimio la Vienna kudai kutambuliwa. Mjadala huo hauko mbali nasi kama unavyoonekana: fomu za kupanda cheo katika vyuo vingi vyetu zina safu ya makala na safu ya vitabu, na mwalimu aliyeongoza igizo la mwaka mzima analiandika kwenye “mengineyo.”

Mpaka fomu zibadilike, jilinde. Kila kazi itoe angalau makala moja. Jarida la Journal for Artistic Research, lililoanza mwaka 2011, husomwa bure mtandaoni na hupokea picha, sauti na video kama mwili wa makala badala ya mapambo yake. Wahakiki wake ni wakali, jambo ambalo kamati ya vyeo inaweza kulielewa.

Kazi inakwenda wapi baada ya mahafali?

Liamue kabla ya kuanza kujenga, hasa kama kitu chako hakipiti mlangoni. Maktaba za vyuo hupokea andiko na faili. Mara chache sana hupokea sanamu ya mita tatu. Mfano wa mtepe uliundwa Zanzibar mwaka 2003, ukawekwa Beit el Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, na Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Hata makumbusho si dhamana, basi ukumbi wa idara ni nini?

Tunachoomba kwa kila mhitimu ni faili za kumbukumbu katika muundo unaofunguka bila programu ya kununua, vipimo na michoro ya kazi, majina ya walioshiriki na ridhaa zao, na karatasi moja inayosema nani ana haki ya kuirudia kazi hiyo. Nakala moja ibaki maktaba, nyingine iende kwa fundi au kundi mlilofanya nalo kazi. Kitu chenyewe kinaweza kuuzwa, kupewa shule, kurudi kijijini au kuvunjwa mbao zitumike tena, ili mradi imeandikwa ni lipi kati ya hayo, na nani anakuja na gari.